Nyota Iliyochelewa Kwenye Uzi wa Buibui

Du! Du! Du! Lori letu lilikuwa bado limezama katika vumbi la njia ya Geita. Hakuna kilima kilichoonekana, wala paa moja la bati, na mgodi tayari ulikuwa unanigonga tumboni. Zilikuwa nyundo za chuma za mashine ya kusaga mawe, zikipanda na kuanguka mahali fulani mbele yetu.

"Umemsikia?" akaniuliza jamaa niliyebanana naye juu ya magunia. Alikuwa Saidi, mtu wa Ujiji, aliyepanda pale Tinde huku akitafuna muhogo. "Huyo ndiye mama mkwe wako mpya. Hasemi na mtu, lakini hanyamazi."

Kweli hakunyamaza. Alinyamaza Jumapili tu, mafundi walipomsafisha, na Jumapili hizo ndizo zilizonifanya niwe mtu niliye leo.

Ninyi wajukuu na wanafunzi mnaokuja kuniuliza habari za dhahabu, najua mnachotaka. Mnataka niseme niliokota bonge la dhahabu kubwa kama ngumi. Sikuokota. Nilibeba mawe chini ya ardhi kwa muda mfupi, kifua kikajaa vumbi, na baada ya hapo nikapewa kazi ambayo hata mke wangu aliposimuliwa mara ya kwanza alidhani namficha jambo. Kazi yangu ilikuwa kufunga nyuzi za buibui ndani ya darubini.

Chekeni, lakini geuzeni nyuso pembeni. Mezani kwetu kicheko kimoja kilitosha kupeperusha kazi ya asubuhi nzima.

Mpima ana chombo chake cha miguu mitatu kiitwacho theodolaiti. Katikati yake kuna darubini, na ndani ya darubini kuna pete ndogo ya shaba yenye nyuzi zilizokatizana msalaba. Bila nyuzi hizo unaona kilima, unaona mti, lakini hujui umeelekea wapi hasa. Uzi ndio unaosema: hapa, si pale. Sasa uzi gani utatosha? Unywele wa mtoto mchanga, ukiutazama kwa lenzi ile, ni mnene kama gogo la mkaratusi. Uzi wa cherehani ni barabara. Buibui peke yake ndiye anayesokota kitu chembamba na kigumu kiasi hicho.

Na mambo makubwa yalining'inia kwenye uzi huo. Wachimbaji walikuwa wakitoboa mlima kutoka pande mbili, kundi hili huku na kundi lile kule, hawaonani, wanatafutana gizani kwa patasi na baruti. Aliyewaelekeza ni mpima wetu, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kamba kwa sababu hakutembea bila kamba ya kupimia. Uzi wa darubini yake ukipinda kidogo tu, makundi hayo yangepishana ndani ya mwamba. Au mojawapo lingetoboa handaki la zamani lililojaa maji. Saidi alikuwa katika kundi la upande wa magharibi wiki nzima, na Jumapili alitushikia taa.

Fundi wa nyuzi alikuwa Mzee Lusangija. Alikuwa ameshafanya kazi na wapima huko Shinyanga kabla sijajua kuvaa suruali. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, mikono yake myepesi, na alikuwa na hamu moja: kurudi nyumbani Tinde. Mke wake alikuwa peke yake na ng'ombe, na kila barua iliyoandikwa na karani wa huko iliuliza swali moja, utarudi lini. Bwana Kamba alimpenda lakini hakumwachia. "Nipe fundi mwingine kwanza, Mzee. Ndipo uende."

Mzee akashuka kutafuta mtu. Alitupanga sisi wabeba mawe mbele ya kambi, akaweka unyoya laini wa kuku kwenye kiganja cha kila mmoja, akasema tuzungumze naye bila unyoya kuanguka. Wenzangu waliziba pumzi mpaka macho yakawatoka. Mimi nilikuwa nimechoka tu. Nikamjibu polepole, kwa pua zaidi kuliko mdomo.

"Wewe ng'wana Maganga, unapumua kama ng'ombe aliyeshiba," akasema, akiniita kwa Kisukuma mtoto wa Maganga, baba yangu. "Twende."

Sharti lilikuwa wazi tangu siku ile. Nikifaulu, mimi nabaki juu, kwenye mwanga, na Mzee anakwenda kwake. Nikishindwa, yeye anabaki, nami narudi chini kwenye vumbi.

Kosa langu la kwanza nawapa bure. Niliamka alfajiri nikakuta utando mzuri kwenye ua wa minyaa, umejaa umande, nikauvuna nikijiona hodari. Nikaufunga kwenye pete. Mzee akatazama, akanipisha.

"Hebu tazama mwenyewe."

Ndani ya lenzi uzi wangu ulikuwa umejaa matone ya gundi, mfululizo, kama shanga za bibi harusi.

"Huu ni uzi wa kunasia nzi," akasema. "Sisi tunataka kupima nini, nzi?"

Uzi unaofaa ni ule buibui anaojishikia mwenyewe anaposhuka. Unamchukua jike mnene, unamweka kwenye kijiti, unakitikisa kidogo. Anaogopa, anajiachia, na nyuma yake anaacha uzi mkavu, safi, usio na tone. Unauzungusha kwenye panda ya waya huku akishuka, kama mtu anayekunja kamba ya kisimani. Kisha unabandika nta kidogo kila ncha ili uzito uuvute, unaupumulia pumzi yenye unyevu upate kulainika, unaulaza kwenye mikwaruzo ya pete, unaweka tone la gundi. Ukikauka unajikaza wenyewe. Buibui unamrudisha pale pale ulipomtoa. Mzee alikuwa akimwambia "wabeja", asante, kila alipomrudisha, na hakuwa akitania.

Halafu ulikuja mtihani, na mtihani wetu ulikuwa mbinguni.

Kusini, kando ya ile nyota kubwa nyeupe ambayo Saidi na watu wa pwani huiita Suheli, kuna sehemu ya anga ambayo kwa macho matupu ni weusi mtupu. Kwa theodolaiti kubwa unaona nyota mbili za wastani, moja juu ya nyingine, na kati yao moja hafifu sana, nyekundu nyekundu kama kaa lililofunikwa na majivu. Mzee aliziita zile mbili Kulwa na Doto, majina ya mapacha. Na kwetu Usukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Basi ile ya katikati ilikuwa Shija.

Anga linasogea, ninyi mnajua. Ukikaza darubini isitikisike, nyota zenyewe zinakuja kwenye uzi, na kila moja ikipita nyuma ya uzi inazimika kidogo, kama jicho linalofumba. Mzee aligundua ujanani kwamba hizi tatu, zikifika juu kabisa, hufumba kwa pamoja. Kulwa, Doto na Shija, mara moja! Hilo likitokea, uzi wako umenyooka toka juu mpaka chini. Shija akiwahi au akichelewa, uzi umepinda katikati. Hakuna cha kubishana. Na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyeufunga uzi ndiye anayetazama na kusema alichokiona, kwa sababu ni tukio la mara moja kwa jioni na jicho la pili halipati nafasi.

Ilikuwa ni mwanzo wa mwaka, mvua zimepumzika kidogo. Jumapili ya kwanza, mama mkwe amenyamaza, ardhi haitetemeki, giza la kwanza limeshuka. Saidi akafunika taa kwa kofia. Nikaweka jicho.

Kulwa na Doto wakafumba pamoja.

Shija akabaki ameduwaa, anawaka. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikavuta nyingine. Ndipo na yeye akafumba.

"Amechelewa, Mzee."

"Uzi umelegea. Kesho anza upya."

Nikaanza upya. Nilifunga nyuzi wiki ile mpaka nikawa naota miguu minane. Jumapili ya pili mawingu yalijaa mpaka karibu tukate tamaa, yakafunguka kidogo kama mtu anayechungulia pazia, na Shija akachelewa vile vile. Mzee akaifunika darubini bila haraka. Nilijua anaifikiria Tinde.

Tulikuwa hatuna jioni nyingi. Kila wiki nyota zile zilikuwa zinafika juu mapema zaidi, na baada ya wiki chache zingefika wakati jua bado halijazama. Baada ya hapo ni kungoja mpaka mwaka urudi. Bwana Kamba hangengoja. Uzi wa zamani ulikuwa umekatika, wachimbaji walikuwa wanaelekea mahali pabaya pa mwamba, na alihitaji darubini yenye fundi wa kuaminika.

Saidi akanivuta pembeni.

"We Msukuma, una matatizo gani? Sema wamefumba pamoja. Nani yumo ndani ya jicho lako akubishie?"

"Na uzi ukiwa umepinda?"

"Ukipinda ukapinda."

"Nani anachimba upande wa magharibi, Saidi?"

Akafikiri. Akajikuna shingo.

"Basi sema kweli," akasema. "Tena sema kwa sauti."

Mzee naye hakuwa mtu wa kukata tamaa kijinga. Jumatatu alitundika timazi kwenye tawi, mbali, uzi wenye jiwe zito ambalo halijui kudanganya, akaniambia nielekeze darubini. Uzi wangu ulilala juu ya uzi wa timazi toka juu mpaka chini. Haukuacha upenyo wa mwanga. Akatazama mwenyewe, akatikisa kichwa. Kisha akapata wazo ambalo mpaka leo nalisifu.

"Geuza pete. Upande wa kulia uwe kushoto. Kama uzi una tumbo, tumbo litageukia upande wa pili, na Shija atawahi badala ya kuchelewa."

Jumapili ya tatu tukatazama na pete imegeuzwa. Kulwa na Doto wakafumba. Shija akachelewa, upande ule ule, pumzi zile zile mbili.

"Basi ni jicho lako," Mzee akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. "Ng'wana Maganga, mwanangu, vumbi la chini limekuharibu jicho. Si kosa lako."

Nilirudi kambini nikiwa nimekwisha. Nilifumba jicho hili, nikafumba lile, nikitazama taa, nikitazama ukuta, nikitafuta ugonjwa. Niliwaza shimo lilivyo asubuhi, unaposhuka na mwanga unabaki juu kama sarafu.

Kesho yake nilimkuta Bwana Kamba amesimama kwenye chumba chetu cha vyombo. Mzee alikuwa ameshamwambia kwamba mwanafunzi wake ana mikono mizuri na jicho bovu.

"Jumapili nitatazama mimi," akasema. Desturi yetu ikavunjwa hapo.

Ilikuwa Jumapili yetu ya mwisho. Mbingu ya magharibi ilikuwa bado na rangi ya kuiva nyota zilipopanda mahali pake. Bwana Kamba akainama. Saidi akafunika taa. Niliusikia moyo wangu, kwa kuwa mashine ilikuwa kimya na hapakuwa na kitu kingine cha kusikia.

"Mbili," akasema Bwana Kamba. "Pamoja kabisa." Pumzi moja. Pumzi ya pili. "Na sasa ya tatu."

Akainua uso, akanitazama. "Jicho lake ni zima. Nami naona hivyo hivyo."

Mzee akasema, "Basi uzi, Bwana."

"Uzi umenyooka. Umeupima kwa timazi, umegeuza pete. Kazi nzuri sana. Mzee, hii Shija uliiweka kati ya mapacha lini?"

"Zamani sana, Bwana. Nikiwa Shinyanga, sijaoa."

Bwana Kamba akaanza kucheka, si cheko la dharau, bali la mtu aliyekuta mlango aliodhani ni ukuta. Akasema tangu siku za shule alisoma juu ya nyota kama hiyo ya kusini, nyekundu na hafifu, lakini hakuwahi kuwaza kwamba siku moja angeikuta imekaa kwenye uzi wa buibui huko Geita. Nyota nyingi ziko mbali kiasi kwamba hata zikikimbia, mtu atazaliwa na kufa asione. Hii ni jirani, tena ina mbio. "Mmewahi kusimama kando ya reli pale Shinyanga? Treni ikipita karibu inakupuliza kofia. Ile iliyo mbali upeoni unadhani imelala. Sasa Shija ni ile ya karibu. Mwaka hadi mwaka inasogea. Mzee alipoiona mara ya kwanza ilikuwa katikati kabisa. Leo imeshatoka kwenye mstari."

"Nyota inahama?" Mzee akauliza.

"Inahama."

Saidi hakuweza kuvumilia. "Jamani, ninyi wenyewe mmemwita Shija! Anayezaliwa nyuma ya mapacha. Mnashangaa nini akija nyuma?"

Tukacheka, taa ikayumba, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Mwili wangu wote ulikuwa umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo asiokuwa akijua uzito wake. Jicho langu ni zima! Sirudi chini!

Lakini Mzee hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye darubini. Bwana Kamba akaisogeza mbele yao kidogo, si kwa kipimo tena bali ili Mzee azione nyota zikija.

"Nawaona Kulwa na Doto," akasema. "Wanakuja. Wamefumba." Akakaza jicho. "Shija simwoni."

"Yuko pale, Mzee, karibu na uzi," nikasema.

"Simwoni." Akainuka taratibu. "Miaka mingi simwoni. Nilikuwa nasema taa inammeza. Mwaka mwingine nikasema ni mbalamwezi. Nikaona mapacha wamefumba sawasawa, nikasema mtoto hawezi kuwa mbali nao." Akamgeukia Bwana Kamba, na sauti yake ikawa ndogo. "Basi nyuzi zangu zile zote, Bwana. Watu waliochimba kwa nyuzi hizo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu yangu ya wiki zile ilikuwa kijito, na yake ilikuwa bonde zima.

Bwana Kamba aliweka mkono begani mwake. "Mzee, mahandaki yote niliyoyaelekeza kwa nyuzi zako yalikutana. Yote. Niliingia mwenyewe nikapitisha mkono pale walipokutana. Vidole vyako vilikuwa vinajua, hata jicho lilipoacha kujua."

Mzee akavua kofia. Akapitisha kiganja usoni, kutoka paji hadi kidevuni, akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu miaka ile ya taa na mbalamwezi.

"Wabeja," akasema. Sikujua anamshukuru nani, Bwana au buibui.

Handaki la magharibi lilikutana na la mashariki kabla mvua za masika hazijaisha. Saidi alipitisha kichwa kwenye tundu, akawaambia wa upande wa pili kwamba wananuka.

Miaka ilipokwenda, nilijifunza mengine juu ya Shija. Mjukuu wangu anayefundisha fizikia pale Shinyanga ndiye aliyenieleza. Mwanga wake unasafiri miaka kumi na mitatu hivi kufika kwetu, na kwa nyota huo ni ujirani wa ukuta kwa ukuta. Ni ndogo kuliko jua na ina ubaridi zaidi, ndiyo maana ni nyekundu. Ingewekwa mahali pa jua letu, mchana wetu ungekuwa kama magharibi isiyokwisha. Ni kuukuu kuliko jua, ya kizazi cha kale, na ndani yake metali ni chache mno. Nilimwambia mjukuu kwamba sisi wa mgodini tungeliita hilo jiwe tupu na kulitupa kando. Tena, wakati nyota nyingine zinazunguka kwa pamoja kama kundi liendalo malishoni, hii inakwenda kinyume, inapishana nazo. Ina jina lake vitabuni. Mimi namwita Shija, na sijawahi kukosea njia kwa kumwita hivyo.

Nyuzi zenyewe zimekwisha. Zilikuja lenzi zenye mistari iliyochorwa juu ya kioo, haikatiki wala hailegei, na sasa kuna vyombo vinavyopima kwa mwanga tu. Ni vizuri. Siwaambii mrudi kwa buibui. Nawaambia hivi: kipimo chako kikikataa, kague mkono wako, kague chombo chako, vigeuze upande wa pili. Vyote vikiwa sawa, usiogope kusema kwamba kilichosogea ni kile ulichoambiwa hakisogei. Na usiseme umeona usichokiona, hata kama wenzako wamechoka kungoja.

Mzee aliondoka kurudi kwake Tinde asubuhi ya siku ya kazi. Lori la Shinyanga lilikuwa linanguruma nje, na Saidi alikuwa ameshampakilia sanduku. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba," kisha nikaongeza shikamoo ya Kiswahili kwa sababu moja haikunitosha.

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Nilikuwa na uzi mikononi, ncha moja imeshashika, nyingine bado. Nilitaka kuuweka chini.

"Usiweke," akasema. "Utakauka ukiwa umepinda, na mimi sipo wa kukuambia."

Akasimama nyuma yangu mpaka nilipoulaza. Hakuusogelea kuukagua, wala hakuniuliza kama umenyooka. Akasema tu, "Nimechoka, ng'wana Maganga. Nimechoka vizuri." Akachukua fimbo yake pembeni, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.